Chumba kipo au hakipo? Mtwara na hoja ya wapangaji wa majaribio

Anayenyimwa chumba Mtwara mjini mara nyingi hanyimwi kwa maneno makali. Watu wa Kusini tuna adabu ya kumpokea mtu mlangoni, hata yule ambaye hatutaki aingie. "Pole mwanangu, kimepata mtu jana." "Mwenye nyumba anamleta mdogo wake kutoka Masasi." "Kinapigwa rangi kwanza, acha namba." Mtafuta chumba anashukuru, anaaga, anapanda bodaboda kutoka Chuno kwenda Magomeni na kuanza upya. Hajui kama ameambiwa kweli. Pengine ndiyo. Pengine jioni ile ile mtu mwingine mwenye kipato kile kile, ila ana jina jingine, dini nyingine au pete ya ndoa kidoleni, amekabidhiwa ufunguo wa chumba hicho hicho.

Ugumu wa ubaguzi katika kupangisha nyumba uko hapo: aliyebaguliwa ndiye wa mwisho kujua. Aliyefukuzwa kazi anajua kafukuzwa, na aliyetukanwa sokoni anajua katukanwa. Aliyeambiwa hakuna chumba angelazimika kuwa watu wawili kwa wakati mmoja ili ajue kama amebaguliwa, yaani yeye mwenyewe na mwenzake anayefanana naye kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokataliwa nacho. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kila mjadala huu unapoibuka husikia jibu lile lile, kwamba kama tatizo lingekuwepo watu wangelalamika. Hawalalamiki kwa sababu hawana cha kushika mkononi. Dalali amesema hakuna, basi hakuna.

Zipo nchi ambazo zimetafuta njia ya kumpa mtu huyo macho ya pili, nazo zimeitumia kwa zaidi ya nusu karne. Wanatumwa watu wawili waliofananishwa kwa makusudi, kila mmoja kwa wakati wake, kuuliza nyumba ile ile. Hawana nia ya kupanga. Kazi yao ni kusikiliza, kuandika na kuondoka. Nitawaita wapimaji. Nataka kujenga hoja kwamba Mtwara na Lindi zinawahitaji, na kwamba tukiwaleta tusibebe kila kitu kama kilivyo huko kilikotoka, kwa sababu nyumba zetu na maisha yetu ya uani si kama ya kwao.

Kesi iliyoipa kazi hii uzito wa kisheria ilianzia kando ya mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuwa imesainiwa huko tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Miaka kumi baadaye, Machi 1978, mwanamke mweusi aliyeitwa Sylvia Coleman na mwanamume mweupe aliyeitwa Kent Willis walikwenda kwa nyakati tofauti kuuliza nyumba za kupanga za kampuni ya Havens Realty. Hakuna kati yao aliyekuwa anatafuta pa kuishi. Walikuwa wapimaji wa shirika la haki za makazi la eneo hilo. Kwa mujibu wa madai waliyofungua, mara tatu ndani ya mwezi huo Coleman aliambiwa hakuna nafasi, na mara zote tatu Willis aliambiwa ipo.

Likazuka swali ambalo hata mzee wa baraza la kata angeliuliza: mtu ambaye hakutaka nyumba amenyimwa nini? Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu Februari 1982, majaji wote wakikubaliana, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji William Brennan. Sheria yao haikatazi tu kumnyima mtu nyumba. Inakataza pia kumwambia mtu, kwa sababu ya rangi yake, kwamba nyumba haipo wakati ipo. Haki hiyo ya kuambiwa kweli imepewa kila mtu, si mwenye nia ya kupanga peke yake. Coleman aliambiwa uongo, kwa hiyo haki yake ilivunjwa, hata kama alikwenda pale akitazamia kudanganywa. Na Willis je? Yeye aliambiwa kweli. Mahakama ikasema kwamba kama mpimaji hana cha kudai kwa kigezo hicho, kwa kuwa hakuna aliyemdanganya.

Hapo pa Willis ndipo ninapopapenda zaidi katika hukumu hiyo, kwa sababu panaonyesha jambo lenyewe bila ukungu. Mahakama haikuwapa wapimaji ushindi kwa kuwa walikuwa upande mzuri. Iliangalia nani kaambiwa uongo na nani kaambiwa kweli. Sisi pia tunaweza kuanzia hapo kabla hatujafika kwenye mabishano makubwa ya nani ana haki ya kuishi na nani.

Tangu wakati huo upimaji umefanywa kwa mapana. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilifanya utafiti wenye vipimo vya jozi zaidi ya 8,000 katika miji mikubwa 28 na maeneo yake. Milango iliyofungwa usoni ilikuwa michache. Weusi waliotafuta kupanga walipewa miadi karibu sawa na weupe na walipokewa vizuri, lakini waliambiwa juu ya nyumba pungufu kwa asilimia 11.4. Mwaka 2019 gazeti la Newsday la Long Island, New York, lilitoa uchunguzi lililoufanya kwa miaka mitatu, likiwa na wapimaji 25 waliobeba kamera za siri mbele ya madalali 93. Katika vipimo vya watu weusi, karibu nusu, asilimia 49, vilionyesha kutendewa tofauti na weupe. Madalali wengi katika picha zile ni wachangamfu na wakarimu. Ukiangalia mkutano mmoja peke yake huoni kosa. Kosa linajitokeza ukiweka mikutano miwili kando kwa kando.

Uingereza ilikuwa imefanya jambo la busara zaidi hata kabla ya hapo. Katika utafiti wa miaka ya 1966 na 1967, taasisi ya utafiti iitwayo PEP haikutuma watu wawili tu. Ilituma Mwingereza mweupe, mtu mweusi kutoka visiwa vya Karibi, na wa tatu mhamiaji mweupe kutoka Hungaria. Yule Mhungaria alikuwa na kazi maalumu. Kama wapangishaji wangemkataa yeye na mtu wa Karibi kwa kiwango kimoja, ingeonekana kwamba wanachoogopa ni ugeni, lafudhi na mazoea tofauti. Matokeo yalionyesha kwamba rangi ilikuwa na uzito wake mkubwa juu ya ugeni, na utafiti ule ulichangia hoja zilizozaa sheria yao ya mwaka 1968 ya kukataza ubaguzi wa rangi katika makazi. Naomba msomaji amkumbuke yule mtu wa tatu. Mtwara tutamhitaji sana.

Turudi kwetu. Nani anachujwa mlangoni? Wa kwanza, kwa kusikia kwangu mitaani, ni mwanamke asiye na mume. Hili linaumiza zaidi hapa kuliko penginepo, kwa sababu Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni watu wa ukoo wa mama, na nyumba nyingi za kupangisha zina mama mwenye nyumba anayekusanya kodi mwenyewe. Mama huyo aliyelea wanawe peke yake, akauza korosho zake na kusimamisha tofali zake, ndiye anayemuuliza binti muuguzi, "Mumeo yuko wapi?" Akiambiwa hana, chumba kinapata mtu ghafla. Simlaumu kirahisi. Nyumba ni ya uani, choo ni kimoja, na bomba na mita ya LUKU ni za wote. Anaogopa wageni wa usiku, anaogopa ugomvi na wake wa wapangaji wengine, anaogopa maneno ya majirani. Mhudumu wa baa anaogopwa mara mbili.

Wapo wenye watoto wengi, ambao huulizwa idadi kabla ya jina. Ipo dini, nayo inaulizwa kwa pande zote mbili, mara kwa kisingizio cha pombe, mara kwa kisingizio cha kupikia nyama uani, mara bila kisingizio chochote. Wapo wenye ulemavu wanaoambiwa ngazi zitawasumbua, kana kwamba wao hawajaziona ngazi hizo. Yupo mtu mwenye ualbino ambaye mwenye nyumba hamchukii hata kidogo, ila anaogopa kwamba balaa la watu waovu litamfuata mpangaji hadi nyumbani kwake. Hofu ya aina hiyo inatoka kwenye uhalifu wa kweli, lakini anayelipia gharama yake ni yule yule ambaye uhalifu huo ulimlenga.

Halafu yupo mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Hapa nataka nikae kidogo. Mikoa hii miwili ina historia ya kupokea ambayo mikoa mingi haina. Wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji walipewa ardhi Rutamba, Lindi. FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea. Kuna familia ambazo babu alizaliwa Mueda, baba kazaliwa Newala na mjukuu yuko Ligula, na hakuna aliyehesabu mipaka kati yao. Lakini tangu Oktoba 2017 vita vilipoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na hasa baada ya shambulio la Kitaya, kijiji cha upande wetu wa mpaka, Oktoba 2020 na lile la mji wa Palma wa upande wa pili Machi 2021, masikio yamebadilika. Lafudhi ya Kimakonde cha upande wa pili, au Kiswahili kilichochanganyika na Kireno, sasa vinamfanya dalali aulize maswali ambayo hamuulizi mtu wa Songea. Hofu hiyo ina sababu, kwani watu wa Kitaya waliuawa. Hata hivyo mama aliyekimbia mauaji yale yale hawezi kuwa ndiye anayelipa kwa kukosa chumba Magomeni.

Kwa mtu huyu ndipo Mhungaria wetu anapohitajika. Tukituma Mmakonde wa Msumbiji na Mmakonde wa Newala, wa kwanza akakosa na wa pili akapata, bado hatujui mengi. Mwenye nyumba atasema, na huenda kwa ukweli, kwamba anapendelea mtu anayejua kwao. Basi atumwe wa tatu, mgeni kabisa, tuseme kutoka Bukoba au Mwanza, asiye na ndugu hata mmoja Mtwara. Naye akikosa, tatizo letu ni kuwaogopa watu wa kuja. Akipata, tatizo ni Msumbiji. Magonjwa hayo mawili yana dawa tofauti. La kwanza linaweza kupungua kwa barua ya mwajiri au mdhamini anayejulikana. La pili linahitaji serikali ya mtaa iseme waziwazi kwamba mtu mwenye kibali halali ana haki ya kuishi anapoishi.

Yote haya yanakuwa makali zaidi vyumba vinapoadimika. Waliokuwa Mtwara miaka ya 2012 hadi 2014 wanakumbuka kampuni za gesi zilivyokuja, kodi zikapanda, na wapangaji wa zamani wakaombwa kupisha. Chumba kikigombewa na watu watano, mwenye nacho anaweza kuchagua kwa kigezo chochote na asipoteze shilingi. Soko likilegea, kama lilivyolegea baadaye, mama yule yule anampokea binti asiye na mume kwa sababu chumba kitupu hakilipi ada ya shule. Lindi ijiandae. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, ambao Shell na Equinor walitia saini makubaliano yake ya awali na serikali Juni 2022, ukianza kweli, wageni wenye mishahara watashuka Lindi mjini kutafuta vyumba Mtanda, Mitandi na Rahaleo. Watakaosukumwa nje kwanza ni hawa niliowataja.

Miji yetu pia haikuanza bila kuchagua. Ilipangwa enzi za ukoloni kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mtwara iliyopangwa upya kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 ilifuata mtindo huo huo, na Shangani ndiko walikowekwa maofisa wa Kizungu. Uhuru ulifuta mipaka hiyo kwenye karatasi, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo mengi ya kupangisha. Wakati huo dola ndiyo iliyokuwa mpangishaji mkubwa, na kumdai haki dola ni rahisi kuliko kumdai jirani. Leo mpangishaji ni jirani.

Sheria yetu inasemaje? Katiba, Ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inataja kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, rangi, hali ya maisha na mengineyo. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi. Ni maneno mazito na ninayaheshimu. Lakini ukisoma Ibara ya 13 kwa makini utaona kwamba katazo lake linamwelekea zaidi mtu au mamlaka inayotumia madaraka ya sheria au ya nchi. Mama mwenye vyumba vinne Chikongola hatumii madaraka ya nchi. Zipo sheria mahususi zinazomgusa: ile ya Ukimwi ya 2008 inayokataza kumnyima mtu mahali pa kuishi kwa sababu ya hali yake, na ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Mwanamke asiye na mume, mtu wa dini nyingine, mtu wa Msumbiji, hawa wamebaki na Katiba mkononi na dalali mbele yao.

Nitasema wazi ninachoamini hapa, najua wapo watakaonipinga kutoka pande zote mbili. Siamini kwamba tuanze kwa kumlazimisha mama wa Chikongola aishi na asiyemtaka katika ua wake. Wamarekani wenyewe walilikuta tatizo hili. Walipojadili sheria zao za haki za kiraia miaka ya 1960 walimbuni Bibi Murphy, mjane wa kufikirika anayeishi katika nyumba yake na kupangisha vyumba vichache. Wakamwacha nje: nyumba isiyozidi familia nne, mwenye nyumba akiwa anaishi humo, haiguswi na sehemu kubwa ya sheria ile. Hakuruhusiwa tu kutangaza ubaguzi wake hadharani. Huko kwao Bibi Murphy ni pembe ndogo ya soko. Hapa kwetu ndiye soko karibu lote. Tukiiga msamaha ule neno kwa neno, sheria yetu haitamgusa mtu. Tukiukataa kabisa, tutaanza kazi kwa kupeleka polisi uani kwa mama mjane, na hoja itakufa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tuanze na wale wanaofanya upangishaji kuwa biashara. Dalali kwanza. Ndiye mlango, na analipwa kwa kuwa mlango, kwa kawaida kodi ya mwezi mzima, wakati mwingine na hela ya kukutembeza juu yake. Wafuate wenye nyumba ambazo wao hawaishi humo. Wako wengi walio Dar es Salaam waliomwachia msimamizi jengo zima la vyumba vya self, na hawawezi kudai kwamba wanalinda amani ya ua ambao hawaujui. Zifuate hosteli za binafsi za wanafunzi. Na kwa hawa wote kipimo cha kwanza kiwe kile cha Coleman: chumba kipo au hakipo? Dalali anaruhusiwa kubeba masharti ya mwenye nyumba, lakini haruhusiwi kusema hakipo wakati kipo. Inaonekana ni hatua ndogo. Ila dalali akilazimika kusema "kipo, lakini mwenye nyumba hataki wanawake wasio na waume," kauli hiyo sasa ina mwenyewe. Inaweza kuandikwa, ikapelekwa kwa mtendaji wa mtaa, na mwenye nyumba akaulizwa kwa nini. Wengi waliozoea kujificha nyuma ya "kimepata mtu" watashindwa kuitetea mbele ya watu.

Kipimo chenyewe kifanyikeje Mtwara? Chukua mfano wa wauguzi wawili waliopangiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Wana umri mmoja, daraja moja la mshahara, na wote wanataka chumba na sebule kwa bei ile ile. Mmoja atasema ana mume anayefanya kazi Masasi, mwingine atasema hana mume. Hapo ndipo tofauti iishie. Wote wajitande au wote wasijitande, la sivyo tunapima dini bila kujua. Wote waende kwa bodaboda au wote kwa miguu. Majina yao yasifichue kabila mbili zinazochukuliwa tofauti. Aende kwanza yule ambaye tunahofia atakataliwa. Akiambiwa hakuna, na mwenzake akaja saa moja baadaye akaonyeshwa chumba, mpangilio huo unaondoa utetezi kwamba chumba kilichukuliwa katikati. Kila mmoja aandike peke yake, siku hiyo hiyo, bila kukutana na mwenzake: aliyesema nani, alisema nini, bei gani, kodi ya miezi mingapi, aliulizwa maswali gani. Mwenye kulinganisha awe mtu wa tatu. Tena kipimo kimoja kisihesabiwe kuwa ushahidi. Mpangaji anaweza kweli kuwa ameghairi saa ile. Ni mfululizo wa vipimo kwa dalali yule yule, na jozi tofauti, unaozungumza.

Mtwara ni mji ambao mtu huulizwa "wewe mtoto wa nani?" kabla hajakaa. Wapimaji wa hapa hapa watatambuliwa kabla ya wiki kuisha. Jawabu ni kubadilishana: wasaidizi wa kisheria wa Lindi wapime Mtwara, na wa Mtwara wapime Lindi. Ni zaidi kidogo ya kilomita 100, nauli ya basi inamudika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi hawa na wamezoea kuandika malalamiko ya ardhi na mirathi. Wana nidhamu ya karatasi.

Najua pingamizi litakalosemwa kwa sauti kubwa, nalo nalichukulia kwa uzito kwa kuwa linatoka kwenye dini na malezi: hawa wanaenda kudanganya. Mpimaji anasema anatafuta chumba na hatafuti. Siwezi kuliita jambo hilo kitu kingine. Ninachopima ni madhara. Mpimaji hachukui kitu, hashiki chumba ili mwingine akikose, hamshawishi mtu atende asichokusudia. Anauliza swali ambalo mtu yeyote ana ruhusa ya kuliuliza, na jibu ni la mwenye kujibu. Kwa upande wa pili yupo mtu anayezunguka na mtoto mgongoni kutwa nzima kwa sababu ya uongo ambao hana namna ya kuubaini. Kati ya uongo huo miwili, wa mpimaji unakoma jioni. Yapo masharti, na ningekataa kazi hii isipoyafuata. Dalali alipwe hela yake ya kutembeza, maana muda wake ndio ugali wake. Majina ya wenye nyumba yasitoke nje ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai uangalifu huo hata hivyo. Na anayeonekana kukosea mara ya kwanza aitwe azungumzwe naye, asipelekwe kokote.

Kuna gharama nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Anayetumwa kupima kama mwanamke asiye na mume mara nyingi kweli hana mume. Anayepima kama mtu mwenye ulemavu ana ulemavu. Akirudi na fomu iliyoandikwa "aliambiwa hakuna", hajaigiza. Amekataliwa yeye. Coleman aliingia mlango ule mara tatu katika mwezi mmoja, na kujua mapema kwamba utadanganywa hakukufanyi usiumie unapodanganywa. Mradi wowote wa upimaji usiotenga muda wa watu hawa kukaa na kuzungumza, na posho inayolingana na walichobeba, utakuwa unawatumia watu wale wale unaodai kuwatetea.

Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani haihitaji kusubiri Bunge. Ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na iliyo nyepesi kuliko zote ni hii: kila dalali wa nyumba asajiliwe kwenye kata yake na awe na daftari lenye tarehe chumba kilipoingia mikononi mwake na tarehe kilipopata mpangaji. Daftari hilo likiwekwa kando ya fomu mbili za wapimaji, mtendaji wa kata anaona mwenyewe nani kaambiwa kweli. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo Katiba imeipa kazi ya kuchunguza uvunjaji wa haki, inaweza kupokea mafungu ya fomu hizo. Wakati mzuri wa kuanza ni Oktoba na Novemba, fedha za korosho zinapoingia, wanafunzi wa vyuo vya Stella Maris na TIA wanaporipoti, na vyumba vya Ligula, Chuno na Shangani vinagombewa. Miezi iliyobaki kabla ya hapo inatosha kuwafundisha wapimaji wa kwanza.